Kaimu Farasi

Ilitangazwa rasmi, kwa vipaza sauti viwili ili kimoja kikikwama kingine kiendelee, kwamba kuanzia Jumatatu majina yote ya wananchi yatatekelezwa.

Tangazo lilijieleza. Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Majina alikuwa amerudi kutoka semina ya ng'ambo, na huko alikuwa amegundua jambo ambalo nchi nzima ililifumbia macho tangu enzi na enzi: kwamba majina yana maana. Watu wanaitwa, wanaitika, wanazeeka, wanazikwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaguliwa kama anafanya kile jina lake linachosema. "Jina lisilotekelezwa," alisema Mkurugenzi, "ni ahadi hewa kwa umma." Watumishi wakapiga makofi. Wakapiga tena alipokaa, kwa sababu alikuwa amekaa vizuri.

Kutoka semina alileta vitu viwili: begi lenye nembo, na kitabu kinene cha asili na maana za majina, hasa yale yenye mizizi ya Kigiriki. Begi alibaki nalo. Kitabu akampa mtumishi mmoja mrefu, mkavu, aliyekuwa amekaa masjala miaka nenda miaka rudi bila kuulizwa chochote, akamteua kuwa Mhakiki Mkuu wa Maana. Cheo kilikuja na dirisha namba tatu, muhuri, na kiti kinachozunguka. Mtaani wakamwita Mzee Maana. Alijua, na hakuudhika. Aliona kwamba hatimaye mtaa umeanza kumwelewa.

Nasi tusimcheke. Mzee Maana alikuwa mtu wa kazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuulizwa jambo na watu wakasimama kusubiri jibu, na mtu aliyesubiri hivyo tangu ujana hawezi kupewa dirisha halafu aambiwe asilifungue sana.

Kazi ikaanza vizuri. Akina Joji, ambalo kwa Kigiriki ni mkulima, walitakiwa kuonyesha shamba, na kinyozi mmoja wa jina hilo alipita salama kwa mchicha alioupanda kwenye kopo la rangi. Akina Petro, yaani mwamba, walikuja na mawe. Mama mmoja aitwaye Irene, yaani amani, alipewa hati ya uthibitisho wa jina pamoja na onyo la kutogombana na mtu yeyote, na jirani yake aliposikia hivyo akahamishia takataka zake zote mlangoni pa huyo mama siku hiyo hiyo. Idara iliandika katika ripoti kwamba utulivu umeongezeka.

Asubuhi moja foleni ikasogea, na mbele ya dirisha namba tatu akasimama binti wa pekee wa Mzee Maana, mtoto kifuani. Nyuma yake alisimama mumewe, fundi makochi, nywele zimejaa vipande vya sponji.

"Shikamoo, Baba."

"Hapa hakuna baba. Hapa ni dirisha namba tatu."

Binti akamtazama. Akakitazama kiti, kilivyokuwa kikizunguka kidogo kulia, kidogo kushoto.

"Shikamoo, dirisha."

Foleni ikaangua kicheko. Mzee Maana akagonga muhuri juu ya meza tupu, kwa ajili ya kurudisha nidhamu.

"Jina la mtoto?"

"Baba, unalijua. Ulikuwepo siku tunampa."

"Taja kwa mdomo."

"Filipo. Jina la marehemu baba mkwe wangu."

Mzee akalamba kidole, akafungua kitabu. "Filipo. Asili, Kigiriki. Limeundwa na maneno mawili: la kwanza kupenda, la pili farasi. Maana yake, mpenda farasi." Akainua macho. "Farasi yuko wapi?"

"Farasi gani, Mzee?" fundi makochi aliuliza, kwa adabu zote za mkwe.

"Anayependwa."

"Mzee wangu, mtoto ana miezi minne. Anachopenda ni ziwa la mama yake na kidole gumba chake mwenyewe."

"Hiyo ni maana ya jina jingine. Hapa lazima farasi awepo, apendwe, na mapenzi yathibitishwe."

"Na marehemu baba yangu? Alikuwa mwashi. Amekufa hajawahi hata kumgusa farasi."

"Marehemu hatuwafuatilii," Mzee Maana alisema kwa huruma. "Kwa sasa."

Binti akasogeza uso hadi puani pa dirisha. Sasa hakuwa na utani. "Baba, kliniki hawamwandikii kadi bila hati. Tarehe za sindano zake zimepita. Mjukuu wako huyu, unamwona?"

Mzee alimwona. Mtoto alikuwa amelala mdomo wazi, na pua ilikuwa ya babu yake, ile ile, ndefu.

"Anayefuata," akasema, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyokusudia.

Jioni alikuta jiko limepoa. Mkewe alikuwa anafunga nguo zake ndani ya mfuko.

"Mama watoto, unakwenda wapi?"

"Kwa mume wangu."

"Mume wako ni mimi."

"Wewe ni dirisha. Habari imefika kabla yako. Mume wangu ni Filipo, tena ana meno machache kuliko wewe na ana akili zaidi."

"Sheria ni sheria, mama watoto. Nikimpitisha mjukuu wangu bila farasi, kesho watasema nini wale wa mawe?"

"Watasema una mjukuu." Akatupa mfuko begani. "Ukipata farasi, nitumie salamu. Usipopata, bakia na kiti chako. Nasikia kinazunguka, basi kitakupikia."

Akaondoka. Mzee Maana alikula mkate mkavu. Alipotaka kuusukumia kwa maji, bomba lilikohoa likanyamaza, kwani mabomba ya mtaa ule yalikuwa yameacha kazi siku nyingi na watu wote walitegemea mkokoteni wa muuza maji. Akalala na koo lake kavu, akijiambia kwamba uadilifu una njaa yake.

Wiki ile ile muuguzi wa kliniki alikuja dirishani. Hakupanga foleni, na sare yake ilikuwa imechafuka mikono kwa kazi ya asubuhi.

"Wewe ndiye Maana?"

"Ndimi Mhakiki Mkuu."

"Jana nimempokea mtoto mwenye pua kama hiyo yako na homa inayochoma mkono. Hana kadi, hana jina. Unajua nimeandika nini mahali pa jina?"

"Sijui."

"Nimeandika 'huyu'. Nina akina 'huyu' watatu kwa sababu ya dirisha lako. Dawa ya huyu nusura nimpe huyu. Mama yake analia, bibi yake analia, mimi nashika chupa nauliza huyu ni yupi."

Kiti kikaacha kuzunguka. "Na sasa hajambo?"

"Nani?"

"Huyo. Mjukuu wangu."

"Mtaje."

Mzee Maana akafungua kinywa. Jina lilikuwa pale, limekaa kwenye ncha ya ulimi, lakini halikuwa limethibitishwa, na yeye ndiye aliyekuwa amekataa kulithibitisha. Muuguzi alimsubiri muda wa kutosha watu wote wa foleni kuelewa.

"Hajambo," akasema hatimaye, akaenda zake.

Siku hiyo dirisha namba tatu lilifungwa mchana kwa mara ya kwanza tangu lizinduliwe. Mzee Maana alikaa na Kanuni za Utumishi mapajani, akizisoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Akaipata. Kanuni ilisema wazi kwamba nafasi yoyote ambayo mwenye sifa hajapatikana, itajazwa na kaimu.

Alipoinua kichwa, akaona nje muuza maji akijaza tanki la Idara kwa madumu, na kando yake, amefungwa kwenye mkokoteni, punda. Mzee akamkagua kwa mbali. Miguu minne. Mkia. Kwato. Masikio hadi ya ziada.

Akatoka mbio mpaka mlinzi akasimama.

"Punda wako ana kazi?"

Muuza maji akatua dumu. "Huoni?"

"Nauliza ya kudumu."

"Mzee, mimi mwenyewe sina ya kudumu."

"Idara inataka kumpa ukaimu."

"Wa nini?"

"Farasi."

Muuza maji akamtazama punda, punda akatazama ukuta. "Na kula?"

"Posho ya ukaimu. Italipwa kwa pumba."

"Andika," alisema muuza maji.

Usaili ulifanyika kwa haki. Mwombaji alikuwa mmoja tu, na hilo halikumshangaza mtu, kwani ndivyo nafasi nyingi za Idara zilivyojazwa. Jopo lilimuuliza uzoefu wake. Akanyamaza, nao wakaandika kwamba anatunza siri za ofisi. Wakamuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Akageukia mlango, nao wakaandika kwamba ana dira. Barua ya uteuzi ikatoka na muhuri: Kaimu Farasi. Na kwa kuwa mtumishi wa umma haruhusiwi kuwa na kibarua cha pembeni, akafunguliwa kwenye mkokoteni papo hapo na kuwekwa kivulini.

"Na mkokoteni nani atavuta?" muuza maji akauliza.

"Hilo," alijibiwa na jopo, "ni suala la sekta binafsi."

Mkurugenzi Mkuu aliposikia habari alifurahi hadi akafungua ofisi yake mwenyewe kwa mkono wake. Hati ya mtoto yule, aliamua, ataitoa yeye, hadharani, mbele ya wananchi. Turubai likafungwa uwanjani kwa Idara. Viti vikapangwa, vyenye mito mbele, visivyo na mito nyuma. Mtaa mzima ukaja. Walikuja na madumu matupu, maana tangu Kaimu Farasi apate cheo hakuna aliyeona maji, na walidhani pengine serikali imewaita kwa ajili hiyo.

Mkurugenzi alihutubia kuhusu farasi, na mchango wa farasi, na nafasi ya farasi. Kisha ikaja hatua ya uthibitisho. Bibi alimleta mjukuu mwenyewe, akapita mbele ya mumewe bila kupepesa jicho, akasimama hatua mbili kutoka kwa punda.

Mtoto akamtazama punda. Punda akamtazama mtoto, kwa makini, kama mtumishi anayepokea maelekezo. Halafu punda akapuliza pua, pumzi ya moto ikapita usoni kwa mtoto, na mtoto akacheka. Hakuwa amewahi kucheka kwa sauti. Kicheko kile cha kwanza kilimtoka tumboni, kikamtikisa mabega, akanyoosha mkono, akashika sikio lile refu na kulivuta kuelekea mdomoni.

"Imethibitishwa!" Mzee Maana akapaza sauti, nayo ikakatika katikati. Akafuta pua kwa shati. Mkewe akamtupia jicho, la kwanza kwa siku zote hizo, na halikuwa baya sana.

Mkurugenzi akaletewa hati na kalamu. Akachora saini yake maarufu, ule mstari mmoja unaoanza kama nyoka na kuishia kama nyoka aliyekanyagwa.

Mzee Maana akakohoa. "Mheshimiwa, jina kamili. Kanuni ya tisa. Saini ya jina lisilohakikiwa ni batili."

Mkurugenzi akacheka kidogo, kwa ajili ya wananchi, akaandika. Miaka yote ile alikuwa Mheshimiwa, alikuwa Mkurugenzi, alikuwa Bosi. Hakuna mtumishi aliyewahi kufikiri kwamba mtu huyo aliwahi kubatizwa. Mzee Maana akainama kusoma. Onesmo.

Hapo angeweza kunyamaza. Hata yeye hakuweza kueleza baadaye kama ni uaminifu wa kazi au ni zile siku za mkate mkavu. Anachojua ni kwamba mkono wake ulikwenda kwenye kitabu wenyewe, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Onesmo," ikasikika hadi barabarani. "Asili, Kigiriki. Maana: mwenye manufaa. Anayefaa." Akainua macho. "Uthibitisho?"

"Uthibitisho gani? Si mimi hapa!"

"Huko ni kuhudhuria, Mheshimiwa. Kufaa ni jambo jingine."

Watu wakasogeza viti. Mkurugenzi akatafuta uso wa kirafiki, akamnyooshea kidole dereva wake. "Wewe! Waambie nimekufaa nini."

Dereva akavua kofia, akafikiri kwa moyo safi. "Huwa unaniacha kwenye gari mkutano mzima, Bosi. Nalala. Mgongo wangu umepona kabisa."

"Hayo ni manufaa ya kutokuwepo," Mzee Maana aliamua, kwa masikitiko. "Kitabu hakiyataji."

"Katibu wangu!"

"Ukisafiri, Mheshimiwa, kazi huenda vizuri," alisema katibu muhtasi, na ikaonekana dhahiri kwamba alikusudia sifa.

"Mimi ndiye niliyeanzisha sheria hii!"

"Tunajua!" muuguzi akajibu kutoka viti visivyo na mito.

Shingo ya Mkurugenzi ikavimba ndani ya kola. Akanyakua kalamu. "Basi naifuta! Hapa hapa! Leteni karatasi!"

"Mheshimiwa," Mzee Maana akasema polepole, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba, "saini yako ni batili mpaka jina lithibitishwe."

"Nani alipitisha upuuzi huo?"

"Wewe, Mheshimiwa. Tulipiga makofi."

Binti yake akajipenyeza hadi mezani. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo hati ya mwanangu nayo ni batili?"

"Mpaka afae," alisema babu, na akamtazama Mkurugenzi. Sasa walikuwa wengi waliomtazama hivyo.

"Teueni kaimu!" Mkurugenzi akapata mwanga. "Si mnao ukaimu? Mtafuteni kiumbe afae kwa niaba yangu!"

Macho ya uwanja mzima yakamwendea punda.

"Huyo alitufaa sana," alisema muuza maji, "mpaka mlipomwajiri."

"Mtumishi mmoja hakaimu nafasi mbili," Mzee Maana akasema. Kwa binadamu Idara ilikuwa ikiruhusu hata tatu, lakini kuhusu wanyama hapakuwa na waraka.

Muuza maji akajikuna kidevu. "Sasa, mimi si mtu wa vitabu. Ila mkokoteni wangu uko pale, madumu yamejaa, mvutaji hakuna. Mtu akitaka kufaa, asijinyime."

Mkurugenzi akamgeukia mlinzi wake. Mlinzi alikuwa ameshika dumu tupu. Mkewe alikuwa amemtuma nalo asubuhi na kumwambia asirudi nalo likiwa hivyo.

Hivyo ndivyo koti lilivyovuliwa. Lilipokelewa na dereva, ambaye alilikunja kwa heshima na kulikalia. Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Majina akaingia katikati ya mikono miwili ya mkokoteni, muuza maji akamwonyesha jinsi ya kuweka kifua, na baada ya kuguna mara kadhaa magurudumu yakakubali. Fundi makochi akasukuma nyuma, kwa kuwa hati ilikuwa ya mwanawe. Mzee Maana akatembea pembeni na kitabu. Walihitajika mashahidi watatu, wananchi wa kawaida, watakaokiri kwamba wamefaidika.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa nyumba ya kona. Dumu likajazwa, likaingizwa hadi jikoni. "Ahsante, mwanangu," akasema, kwa sababu hakuwa amefika uwanjani na hakumjua. Mkurugenzi akasimama pale mlangoni kidogo, kama mtu aliyeitwa na hajui aitike vipi. Kisha akakumbuka cheo chake, akasema, "Andika!" Mzee akaandika.

Wa pili alikuwa kinyozi wa mchicha. Naye akakiri, ingawa aliomba maji ya kopo yahesabiwe kando.

Kwa shahidi wa tatu walifika mbele ya jengo refu lisilo na lifti. Dirishani ghorofa ya nne alichungulia yule mama aliyekuwa amepewa hati ya amani na onyo.

"Mheshimiwa!" akaita kwa upole mkubwa, upole wa mtu aliyekatazwa kugombana. "Mimi sigombani na mtu. Nauliza tu: manufaa yenyewe yanapanda ngazi?"

Yakapanda. Yalipumzika ghorofa ya pili, yakakaa chini kabisa ghorofa ya tatu, yakafika ya nne yamelowa, maji na jasho, hata haikujulikana kipi ni kipi. Mama akaonja maji, akasema yanafaa. Kwa hiyo na mletaji anafaa. Mzee Maana akagonga muhuri pale pale kwenye kizingiti, na Mkurugenzi akaweka saini halali kwenye hati ya mtoto, akitumia mgongo wa Mhakiki Mkuu kama meza.

Ngazi zilikuwa zimejaa watu. Bibi alikuwa amepanda na mjukuu. Mzee Maana akamshikia hati mbele ya ile pua yao ndefu.

"Filipo," akasema. Halafu akasema tena, bila kitabu. "Filipo."

"Mpokee," alisema mkewe, akimwekea mtoto mikononi. "Mkono unaniuma. Na jioni uje na kuni, jiko limelala."

Mkurugenzi alikuwa ameshapata pumzi. Akachomoa kutoka mfukoni karatasi ya kuifuta sheria, akaitandika ukutani, akainua kalamu.

"Mheshimiwa," alisema Mzee Maana, akimbembeleza mtoto, "naona nikukumbushe tu. Jina linathibitika maadamu utekelezaji unaendelea. Ukikoma, na saini inakoma."

Kutoka chini, ngazi hadi ngazi, yakaanza kusikika madumu matupu yakigonga ukuta. Mama wa ghorofa ya nne akasogeza la kwake la pili kwa ncha ya kiatu, taratibu, bila ugomvi wowote.

Mkurugenzi akaitazama kalamu. Akazitazama ngazi.

Akashuka.